Kabla Hamjanunua Taa: Vidokezo 14 vya Kuwasha Uwanja wa Shule na Mtaa

Dar es Salaam jua huzama kati ya saa 12:10 na 12:50 jioni, mwaka mzima. Giza nalo halichelewi: dakika 20 na ushee baada ya machweo, mpira hauonekani tena. Sasa mtazame mwanafunzi. Masomo yanaisha alasiri jua likiwa bado kali, kisha kuna usafi, kuna kuchota maji, kuna safari ya kurudi nyumbani. Kijana anayetoka kazini saa 12 ndiyo kabisa, muda wa kucheza hana. Taa nzuri huwaongezea wote hawa saa mbili au tatu za michezo kila jioni, kwenye uwanja uleule walio nao.

LED zimelifanya jambo hili liwe la kufikiwa na shule ya kawaida. Taa za zamani za metali halaidi zilikula wati 2,000 kila moja, zilichukua dakika kadhaa kupata nguvu, na umeme ukikatika kidogo tu ilibidi zipoe kwanza ndipo ziwake tena. LED huwaka papo hapo na kwa kazi ileile hutumia takriban nusu ya umeme huo. Lakini LED iliyofungwa bila mpango humpofusha kipa, huwakosesha majirani usingizi na humaliza umeme wa LUKU kabla ya mwezi kwisha. Kwa hiyo kaeni mezani kwanza, kamati nzima, mwalimu wa michezo na mafundi.

1. Anzeni na ratiba ya watu

Andikeni nani atacheza, mchezo gani, siku zipi, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi. Shule ya bweni inaweza kuhitaji saa 12 hadi saa 1:30, kabla ya prepo. Timu ya mtaa itataka saa 1 hadi saa 3. Zanzibar na Mombasa, mwezi wa Ramadhani hubadilisha kila kitu, kwa kuwa mechi huchezwa baada ya tarawehe. Msisahau kinamama wa mazoezi ya viungo na wazee wa kutembea. Ratiba hii ndiyo itakayowaambia mnahitaji mwanga kiasi gani na bili itakuwaje, na ndiyo itakayozuia taa zote kuwashwa kwa ajili ya watu sita.

2. Fikirieni uwanja mdogo kwanza

Wengi wakisikia taa za uwanja, akili hukimbilia soka. Hebu pimeni. Uwanja kamili wa soka wa mita 105 kwa 68 una mita za mraba 7,140. Uwanja wa netiboli ni mita 30.5 kwa 15.25, wa kikapu ni 28 kwa 15, na wa wavu ni 18 kwa 9. Netiboli au kikapu huweza kuwashwa vizuri kwa kilowati 1 hadi 1.2, wakati soka huhitaji kama mara kumi ya hizo.

Kama fedha ni kidogo, wekeni mwanga kwenye kiwanja kimoja cha sakafu ngumu na mchore juu yake mistari ya netiboli, kikapu na wavu. Wasichana, ambao mara nyingi ndio wa mwisho kupewa uwanja, watapata nafasi yao, na timu za mashindano ya shule ya UMITASHUMTA na UMISSETA zitapata mahali pa kujinoa. Soka itafuata mkishajua kuendesha mlicho nacho.

3. Chagueni kiwango cha mwanga mnachokihitaji kweli

Mwanga unaofika chini hupimwa kwa laksi. Kiwango cha Ulaya cha EN 12193, kinachotumiwa na wabunifu wengi, kinagawa soka na kikapu cha nje katika madaraja matatu: wastani wa laksi 75 kwa mazoezi na michezo ya shule, 200 kwa mashindano ya ngazi ya kati, na 500 kwa mashindano makubwa. Kwa shule na mtaa, laksi 75 hadi 100 zinatosha mazoezi ya kila jioni. Kama mnaandaa ligi ya ndondo yenye watazamaji, lengeni 200.

Bora zaidi, agizeni mfumo wa ngazi mbili: nusu ya mwanga kwa mazoezi, mwanga wote kwa mechi. Kila jioni ya mazoezi mtaokoa karibu nusu ya uniti za umeme.

4. Nunueni lumeni, na mzipigie hesabu wenyewe

Wati ni umeme ambao taa inakula. Lumeni ni mwanga ambao inautoa. Taa nzuri ya LED ya uwanjani hutoa lumeni 120 hadi 150 kwa kila wati. Taa mbili zenye wati sawa zaweza kutofautiana sana kwa mwanga.

Hesabu ya haraka ni hii. Zidisheni eneo kwa laksi mnazotaka: 7,140 mara 100 ni lumeni 714,000 zinazotakiwa kutua uwanjani. Lakini sehemu kubwa ya mwanga huangukia nje ya mistari, na vumbi nalo huchukua haki yake, kwa hiyo gawanyeni kwa 0.44 hivi. Mnapata lumeni milioni 1.6. Zigawanyeni kwa 130, jibu ni kilowati 12 na kidogo. Hizo ni kama taa 12 za wati 1,000, mbilimbili kwenye nguzo sita. Muuzaji akija na kilowati 30, au akija na 3, mnayo sababu ya kumwomba aeleze.

5. Mwanga uenee sawa

Macho ya mchezaji huhangaika anapotoka penye mwanga mkali na kuingia penye kiza ndani ya hatua tatu. Mpira hupotea, watu hugongana. Kuweka taa kali kona moja ni sawa na kumwaga ndoo nzima kwenye mche mmoja na kuacha tuta zima likiwa kavu.

Kipimo chake ni rahisi: chukueni laksi za mahali penye giza kuliko pote, mgawanye kwa wastani wa uwanja. Daraja la mazoezi linataka angalau 0.5, daraja la kati 0.6. Yaani wastani ukiwa laksi 100, pembe iliyofifia kuliko zote isipungue 50. Nguzo sita au nane pembezoni mwa uwanja, tatu au nne kila upande mrefu, hueneza mwanga vizuri kuliko nguzo nne zilizorundikiwa taa.

6. Nguzo fupi ni akiba ya uongo

Nguzo ikiwa fupi, fundi hulazimika kuinua uso wa taa ili mwanga ufike katikati, na hapo ndipo unapochoma macho ya wachezaji. Kanuni inayotumika sana ni ya nyuzi 25: pimeni umbali kutoka mstari wa katikati ya uwanja hadi mguu wa nguzo, mzidishe kwa 0.47. Nguzo ikiwa mita 4 nje ya mstari wa pembeni wa uwanja kamili, umbali ni mita 38, na urefu unaofaa ni kama mita 18. Kwa uwanja wa netiboli, mita 8 zinatosha.

Chagueni taa zenye kioo bapa zinazomwaga mwanga upande mmoja, ili uso wake ubaki umetazama chini. Msiweke taa nyuma ya goli, maana kipa wa upande wa pili ataitazama dakika 90. Na nguzo zikae mbali na mstari, mita tatu au nne, kwa ajili ya yule winga anayekimbia bila kutazama mbele.

7. Sikilizeni udongo na upepo wa mahali penu

Nguzo ya mita 18 yenye taa juu yake hupokea upepo mwingi. Msingi wake usikadiriwe kwa macho, uchorwe na mhandisi aliyeona udongo. Udongo mweusi wa mbuga, unaovimba wakati wa masika na kupasuka kiangazi, unaweza kuinamisha nguzo ambayo kwenye udongo mwekundu ingesimama miaka mingi. Kama mna nguzo za zamani na mnabadilisha taa tu, uzito na ukubwa wa taa mpya uangaliwe kwanza.

Pwani, adui ni chumvi. Takeni chuma kilichochovywa kwenye zinki, na boliti za chuma kisichoshika kutu. Na pesa ikiruhusu, chukueni nguzo yenye bawaba inayolala chini, ili siku ya matengenezo msihitaji kukodi kreni. Kwa viwanja vidogo, nguzo za mikaratusi zilizotiwa dawa, kama zile za umeme, zinafaa kabisa. Kumbukeni tu kwamba ya mita 12 hufukiwa kama mita 1.8.

8. Gawanyeni umeme, msitegemee swichi moja

Kilowati 12 kwenye umeme wa njia moja ni zaidi ya ampea 50. Kwenye njia tatu ni kama ampea 18 kwa kila waya. Kwa uwanja wa soka, ombeni njia tatu, iwe ni TANESCO, ZECO au Kenya Power, na ombeni mapema kwa sababu laini yaweza kuwa mbali. Kebo iwe nene ya kutosha, la sivyo nguzo ya mwisho itapata umeme uliochoka njiani. Ifukiwe ndani ya bomba, na utepe wa tahadhari juu yake, wasije wapanda miti wakaikata kwa jembe.

Kila nguzo iwe na fyuzi yake. Taa za nguzo moja ziungwe kwenye njia tofauti za umeme, ili moja ikifa uwanja usizame gizani. Hata viwanja vikubwa hupatwa: Aprili 30, 2023, robo fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika kati ya Yanga na Rivers United ilisimama Uwanja wa Benjamin Mkapa taa zilipozimika. Kwenu, taa moja yenye betri yake karibu na lango itawatoa watoto salama umeme unapokatika.

9. Sola ni nzuri, ila ipigiwe hesabu

Kuna taa za sola zinazouzwa zikiwa zimeandikwa wati 1,000, na paneli yake ni ya wati 20. Paneli hiyo ikipata jua kali saa tano, inakusanya wati-saa 100. Taa ya wati 1,000 za kweli ingezimaliza kwa dakika sita. Kwa hiyo namba iliyo kwenye boksi haiwezi kuwa kweli.

Sola halisi kwa uwanja wa netiboli inaonekana hivi: kilowati 1.2 kwa saa mbili ni uniti 2.4 kila usiku. Zinahitaji paneli za wati 800 hivi na betri ya lithiamu ya uniti 3.5 hadi 4, na zaidi kidogo kwa ajili ya siku za mawingu. Shule iliyo mbali na gridi inaweza kulifanya hilo. Mchana paneli hizohizo zitachaji simu za walimu na kuendesha kompyuta, mradi betri ijae kabla ya jioni.

10. Radi haina urafiki na nguzo ndefu

Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi duniani, na nguzo zenu ndizo zitakazokuwa ndefu kuliko kila kitu uwanjani. Kila nguzo iwe na waya wa ethi uliopimwa kwa kifaa, na cheti chake kitunzwe ofisini. Ombeni taa yenye kinga ya mshtuko wa umeme ya kilovolti 10, na kinga nyingine kwenye boksi kuu.

Kinga hizo hulinda vifaa. Watu hulindwa na kanuni: ngurumo ikisikika, mchezo unasimama, wote wanaingia ndani ya jengo, na hawarudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Ibandikeni ukutani.

11. Majirani, wadudu na kasa nao wana haki yao

Kabla ya kufunga, nendeni kwa majirani wa karibu mkiwa na mchoro, na mkubaliane saa ya kuzima. Taa zilizoelekezwa chini na zenye vizuizi pembeni hazitaingia vyumbani kwao. Kuzima saa 3 au saa 4 usiku kufanywe na saa ya umeme yenyewe, ili mlinzi asibebeshwe ugomvi.

Watu wa Bukoba wanajua jinsi senene wanavyofuata taa kali, maana ndivyo wanavyotegwa. Kumbikumbi nao vivyo hivyo baada ya mvua. Wadudu huvutwa zaidi na mwanga wenye ubluu, kwa hiyo rangi ya kelvini 4,000 au chini yake ni bora kuliko zile nyeupe za 6,500. Na kama uwanja uko karibu na fukwe ambako kasa hutaga, kama kule Mafia au Watamu, vifaranga wanaotoka mchangani huifuata ile sehemu inayong'aa badala ya bahari. Hapo mwanga usionekane kabisa ufukweni, na msimu wa kuanguliwa taa zizimwe mapema.

12. Maswali ya kumuuliza muuzaji

Tangazo husema LED itadumu saa 50,000. Hata mkiwasha saa 3 kila usiku, hiyo ni miaka 45. Kinachokufa mapema ni draiva, kile kifaa kinachoilisha LED umeme, kwa sababu ya joto, mshtuko wa umeme au maji yaliyopenya. Kwa hiyo ulizeni: Je, draiva inabadilishwa peke yake? Inapatikana nchini? Inastahimili joto la nyuzi ngapi? Taa ni IP66, yaani haipitishi vumbi wala maji yanayorushwa kwa nguvu? Dhamana ni ya miaka mingapi, na gharama ya kupanda nguzo ni ya nani?

Kisha ombeni hesabu ya mwanga ya uwanja wenu, iliyochorwa kwenye programu kama DIALux, ikionyesha laksi za kila eneo. Programu hiyo ina toleo la bure, kwa hiyo muuzaji makini hana sababu ya kukataa. Fundi awe na leseni: Tanzania Bara hutolewa na EWURA, Kenya na EPRA. Namba ya leseni iandikwe kwenye mkataba.

13. Pokeeni kazi usiku

Msitie saini ya kupokea kazi mchana. Njooni giza likishaingia, na kipima mwanga cha kuazima au kukodi, mpime kila baada ya mita 10 uwanja mzima na kuandika. Linganisheni na ile hesabu ya mkataba. Kisha kipa asimame golini arushiwe mipira ya juu, mpiga kona apige kutoka pembe zote nne, na msichana wa netiboli arushe huku akitazama pete. Wakisema taa zinawachoma, fundi azigeuze usiku huohuo akiwa bado juu ya nguzo. Malipo ya mwisho yafuate hapo.

14. Tengeni fedha ya kesho na njia ya kurudi nyumbani

Kilowati 12 kwa saa mbili, jioni 20 za mwezi, ni uniti 480. Uwanja wa netiboli ni uniti 48. Zidisheni kwa bei ya uniti mnayolipa, na mjue mapema nani atalipa. Mita ndogo ya uwanja peke yake huondoa maneno: timu ya nje inanunua uniti zake, inacheza, inaondoka. Wekeni mchango mdogo wa kila mechi kwa ajili ya kuosha vioo mara mbili kwa mwaka na kununua draiva moja ya akiba.

Na katika bajeti ileile, wekeni taa ndogo kwenye vyoo, langoni, na kwenye njia inayoelekea barabarani. Mzazi anayejua binti yake hapiti gizani ndiye atakayemruhusu kubaki mazoezini. Bila taa hizo, nusu ya watoto wenu watakuwa wamekwenda nyumbani kabla hamjawasha zile kubwa.

Wiki hii hamhitaji hata shilingi moja kuanza. Chukueni futi ya kamba mkapime uwanja, andikeni ratiba ya kidokezo cha kwanza, pigeni hesabu ya kidokezo cha nne, na muwaite majirani kikaoni. Mkienda kwa muuzaji mkiwa mmekamilisha mambo hayo manne, mtazungumza naye mkijua mnachokitaka, na kila shilingi ya wazazi itaonekana uwanjani.